Kuizika Kompyuta kwa Heshima: Mwongozo kwa Wafiwa wa Thika na Ruiru

Mtu akifariki Kiganjo au Kihunguro, kabla jua halijatua kamati imeundwa, mwekahazina amechaguliwa na kundi la WhatsApp limefunguliwa. Kompyuta ikifa, hakuna anayeulizia. Inapandishwa juu ya kabati. Mwaka ukipita, inateremshwa chini ya kitanda. Siku ya kuhama nyumba inawekwa nje ya lango pamoja na ndoo iliyopasuka, na inaondoka ama na lori la taka ama na mnunuzi wa vyuma kuukuu, kwa bei ya soda mbili. Wasifu haukusomwa, wosia haukuandikwa, na hakuna ajuaye ilikozikwa.

Mwongozo huu unapendekeza kompyuta ipewe matanga kamili: daktari, wasifu, wosia, mirathi, kamati, michango na kaburi linalojulikana. Cheka ukitaka, lakini ukishacheka fuata hatua hizi, maana kila moja ina kazi yake kwa mito yetu, kwa mapafu ya watoto wetu na kwa hewa ya dunia nzima.

Kabla ya yote: kwa nini matanga?

Wengi wakisikia kwamba kompyuta inaharibu mazingira hufikiria umeme. Katika nchi inayochoma makaa ya mawe wangekuwa sahihi. Hapa Kenya karibu asilimia 90 ya umeme wa gridi hutokana na mvuke wa Olkaria, mabwawa, upepo wa Turkana na jua. Chukua laptopu inayokula wati 30. Iwashe saa nane kwa siku, siku 250 kwa mwaka. Hizo ni uniti 60. Hata tukikadiria kwamba kila uniti ya gridi yetu hutoa gramu 100 za hewa ya ukaa, mwaka mzima wa kazi unatoa kilo 6.

Sasa tazama kuzaliwa kwake. Kuchimba madini, kuyasafisha, kutengeneza chipu na skrini, kuunganisha na kusafirisha laptopu moja ya ofisini hutoa kilo 200 na zaidi za hewa ya ukaa kabla hujaitoa kwenye kasha. Ungelazimika kuitumia zaidi ya miaka 30 ndipo umeme wake ufikie deni hilo la kuzaliwa. Nayo ikifa vibaya, huacha risasi, zebaki na moshi wa sumu.

Kwa hiyo madhara ya kompyuta ya Thika yamelala kwenye ncha mbili za maisha yake. Tuna kazi mbili: kukiahirisha kifo kwa miaka mingi iwezekanavyo, na kikishafika, kuzika vizuri.

Hatua ya kwanza: Hakikisha amekufa kweli

Hakuna mazishi bila daktari. Kompyuta nyingi zinazoitwa maiti ni wagonjwa tu. Ukiuliza dalili utaambiwa: inawaka polepole, inajizima yenyewe, feni inapiga kelele, skrini ni nyeusi. Mpeleke mgonjwa kwa fundi, na usimwache pale ukaenda zako. Vuta kiti utazame.

Fundi anayejua kazi yake huanza kwa kuchomoa betri. Kisha anafungua skurubu moja moja na kuzipanga kwenye kifuniko kwa mfuatano wake, kwa sababu ile ndefu ikirudishwa penye fupi inaweza kuharibu bodi. Akiinua feni utaona kilichokuwa kikimnyonga mgonjwa: tabaka la vumbi jekundu lililochanganyika na nywele na nyuzi za blanketi, limeziba kabisa mapezi ya shaba yanayopaswa kutoa hewa ya moto. Ile grisi iliyo kati ya chipu na bomba la shaba imekauka na kupasuka. Anaikwangua, anasafisha kwa spiriti, anapaka nyingine kidogo tu. Anachomoa RAM, anasugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli hadi yang'ae, anairudisha mpaka isikike ikishika. Anabonyeza swichi. Mara nyingi mgonjwa huamka hapo hapo.

Akiamka lakini bado ni mzito, mshukiwa mkuu ni diski ya zamani inayozunguka. Ibadilishe kwa SSD na uongeze RAM. HP EliteBook 840 G3, laptopu iliyojaa katika maduka yetu ya mashine zilizotoka Uingereza, inapokea vyote viwili bila shida, na matengenezo hayo hugharimu sehemu ndogo ya bei ya laptopu nyingine. Skrini iliyopasuka, kibodi iliyomwagiwa chai, bawaba iliyolegea na tundu la chaja linalocheza vyote vinatibika. Mwombe fundi akurudishie vipande alivyotoa. Tutavihitaji kwenye hatua ya tano.

Betri iliyovimba ni habari nyingine. Ukiona kibodi imeinuka au kifuniko hakifungi, zima mashine, chomoa chaja na usiibonyeze irudi ndani. Usiitoboe ili "hewa itoke", kwa maana itatoka na moto.

Hatua ya pili: Usipokee cheti cha kifo kilichoandikwa ughaibuni

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa mashine za Intel, prosesa ya kizazi cha nane au baadaye. Ile EliteBook 840 G3 ina prosesa ya kizazi cha sita. Kwa hiyo siku moja tu iligeuza mamilioni ya kompyuta nzima kuwa marehemu wa makaratasi, na nyingi ziko hapa kwetu: kwenye saiba za Thika, kwenye hosteli za Gachororo kando ya JKUAT, kwenye ofisi za sacco na shule za binafsi kutoka Kimbo hadi Makongeni.

Mashine inayofungua barua, inayopiga chapa na inayolipisha karo haijafa. Una njia mbili. Ya muda mfupi ni kujisajili kwa nyongeza ya masasisho ya usalama, ambayo kwa watumiaji wa nyumbani inafika Oktoba 2026. Ya kudumu ni kumwekea mfumo endeshi mwingine usiolipiwa, kama Linux Mint au Ubuntu. Mwambie fundi aweke mfumo huo kwenye flashi, uwashe kompyuta kutoka hapo bila kugusa chochote kilicho ndani, uujaribu kwa siku kadhaa. Jaribu printa. Jaribu Wi-Fi. Fungua eCitizen, iTax, HELB na tovuti ya chuo, maana zote hutumia kivinjari. LibreOffice itafungua nyaraka zako za Word na Excel. Kama kazi yako inategemea programu maalumu ya uhasibu au ya uchoraji wa ramani za majengo, hakikisha kwanza kama inakubali, na kama haikubali, mashine hiyo mpe mwanafunzi ambaye haihitaji programu hiyo.

Mwenye saiba ya kompyuta kumi akifanya hivi, ameziokoa kumi nyingine zisiagizwe. Kwa hesabu yetu ya juu, hizo ni tani mbili za hewa ya ukaa ambazo hazikutoka, na fedha zake ziko mfukoni.

Hatua ya tatu: Soma wasifu wa marehemu

Kama juhudi zote zimeshindikana, familia ikusanyike na wasifu usomwe kwa sauti. Watoto wawepo. Uandikwe hivi:

Marehemu alizaliwa mahali pengi. Tantalumu ya kapasita zake huenda ilichimbwa kwa koleo na sururu huko Rubaya, Masisi, Kivu Kaskazini, eneo lililotekwa na waasi wa M23 mwaka 2024 na ambalo, kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, hutoa karibu asilimia 15 ya tantalumu ya dunia. Kobalti ya betri yake yaelekea ilitoka upande wa Kolwezi, kusini mwa Kongo, nchi inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti yote duniani. Wachimbaji wa huko huitana shimoni kwa Kiswahili cha kwao. Chipu zake zilitengenezwa Asia, katika viwanda vinavyotumia maji yaliyosafishwa kupita kiasi na umeme mwingi mchana na usiku. Alifanya kazi Ulaya miaka michache, akauzwa, akavuka bahari, akapanda lori kutoka Mombasa na kuteremshwa kwetu. Ameacha bodi yenye dhahabu, fedha na shaba, skrini, betri na nyaya.

Wasifu wa namna hii humfanya mtu asite kabla ya kusema "nitanunua nyingine". Una kazi ya pili pia. Andika kwenye kibandiko aina ya mashine, mwaka ulioinunua, kilichowahi kubadilishwa na kilichomuua, ukibandike chini yake. Fundi atakayeipokea atajua mara moja kipi kizima na kipi kibovu, na hatalazimika kuvunja vyote ili apate kimoja.

Hatua ya nne: Tekeleza wosia

Watu wengi wa Ruiru hawazitupi wala kuzitoa kompyuta na simu zao kuukuu kwa sababu wanaogopa kilichomo ndani. Hofu hiyo ni halali, na ndiyo inayojaza droo zetu. Dawa yake ni kusafisha data ipasavyo.

Kwanza nakili picha na nyaraka unazozitaka. Pili ondoka kwenye akaunti zote, hasa ya Google au ya Apple. Simu iliyofutwa bila kuondolewa akaunti hujifunga, ikamdai mmiliki mpya nywila ya mmiliki wa zamani, na simu nzima huishia kuvunjwavunjwa kwa ajili ya vipuri. Tatu, futa diski yenyewe. Kufuta mafaili na kumwaga kapu la taka hakutoshi, kwa kuwa data hubaki pale pale hadi iandikwe juu. Diski inayozunguka iandikwe juu yote mara moja kwa programu ya kufutia. SSD ifutwe kwa amri yake maalumu ya kufuta kwa usalama, ambayo fundi anaijua. Diski iliyokufa ichomolewe, nayo ikabidhiwe kiwanda cha urejelezaji kiisage na kukupa cheti.

Wenye saiba wasome aya hii mara mbili. Kompyuta ya saiba hubeba siri za mtaa mzima. Kwenye folda ya vipakuliwa mna nakala za vitambulisho, vyeti vya KCSE, PIN za KRA, barua za ajira na hati za mashamba za wateja wa miaka mitano. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, na mashine kufa hakumwondolei wajibu huo.

Hatua ya tano: Gawa mirathi

Marehemu aliyekufa bodi ameacha mali. RAM iende kwenye laptopu ya binamu. Diski nzima ikishafutwa iwekwe kwenye kasha la nje, iwe ghala la picha. Skrini, kibodi, kadi ya Wi-Fi, feni, bawaba na chaja vina wanunuzi wake, na fundi yeyote wa Thika atakuambia kwamba skrini ya 840 iliyo nzima haikai mezani. Mpe kwa bei nafuu au mbadilishane kwa matengenezo. Kila kipande kinachoingia kwenye mashine nyingine kinairefushia maisha hiyo nyingine.

Masharti ya mirathi ni matatu.

Betri iliyovimba, iliyotobolewa au inayopata joto hairithiwi na mtu yeyote. Funika ncha zake kwa utepe wa umeme, iweke kwenye debe lenye mchanga mkavu, mbali na jiko na mbali na watoto, hadi siku ya kusafirisha.

Betri ya UPS, ile nyeusi na nzito, ina risasi na tindikali. Maduka ya betri za magari hupokea betri kuukuu za namna hiyo. Usimpe anayeyeyusha risasi nyuma ya nyumba. Kenya imeshalipia somo hilo. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kando ya kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiliwatia wakazi sumu ya risasi, watoto miongoni mwao. Mwanaharakati Phyllis Omido alipigania haki yao, akapata Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Fidia ilifutwa kwenye rufaa, kesi ikaendelea hadi Mahakama ya Juu, ambayo Desemba 2024 iliirejesha fidia hiyo. Risasi iliyoingia kwenye damu ya mtoto haiondolewi na fidia.

La tatu ni kuhusu misaada. Usipeleke maiti shuleni. Kompyuta inayotolewa kwa shule iwe imewaka mbele ya mwalimu, iwe na chaja yake, na iwe na mfumo unaopata masasisho. Isiyofikia hapo ni mzigo wa taka uliohamishwa kutoka ofisi yako hadi stoo ya shule. Shule zenyewe zikague makabati yao. Vile vishikwambi vilivyoanza kugawiwa shule za msingi mwaka 2016, vingine vikiwa vimeunganishwa hapo hapo JKUAT, Juja, vina betri za lithiamu zinazozeeka hata zikikaa bila kuwashwa. Vizima vichajiwe na vitumike. Vibovu viorodheshwe viingie kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya sita: Chagua kaburi

Makaburi mawili yamepigwa marufuku na mwongozo huu.

La kwanza ni jaa la Kang'oki. Taka za Thika na za miji jirani huishia huko. Kaunti ilishirikiana na wataalamu wa mbinu ya Fukuoka kutoka Japani kuboresha sehemu ya jaa hilo, kwa mabomba yanayoingiza hewa kwenye taka ili zioze vizuri na maji yanayochuruzika yasiwe machafu sana. Mbinu hiyo inafaa kwa maganda ya ndizi. Bodi ya kompyuta haiozi. Mvua ikiinyeshea, risasi na kadimiamu huanza safari. Betri ya lithiamu ikibanwa ndani ya lori huwaka, na moto wa jaa huchukua siku nyingi kuzimika.

Jaani pia ndiko nyaya zinakochomwa. Ukitaka kujua kwa nini, shika waya wa kompyuta: ndani mna shaba yenye soko, nje mna plastiki isiyo na soko. Njia ya haraka ya kutenganisha vitu hivyo viwili ni kiberiti. Fungu la nyaya linawashwa, moshi mweusi unatambaa chini kwa chini kabla ya kupanda, na aliyeinama kuuchochea moto kwa kijiti ndiye anayeuvuta kwanza. Plastiki hiyo ina klorini, na ikichomwa kwa moto hafifu hutoa dioksini, sumu inayokaa mwilini miaka mingi. Shaba inayobaki inauzwa kwa kilo. Kijana huyo anatafuta riziki na hastahili lawama. Anayemwepusha na moshi ni yule aliyeuzuia waya usifike jaani.

Kaburi la pili lililokatazwa ni kingo za mito. Chania huungana na mto Thika pale mjini, na maji hayo huteremka hadi Masinga kwenye mto Tana, bwawa linalotuletea umeme na linalotegemewa na watu wengi wa mkondo wa chini. Mto Ruiru huingia katika mfumo wa Athi, unaofika baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Anayetupa televisheni ya kichogo mtoni Ruiru anapaswa kujua kwamba kioo chake kina risasi ya kupimwa kwa kilo, na kwamba kwenye mkondo wa chini kuna watu wanaochota maji.

Kaburi halali lipo, na haliko mbali. Kituo cha WEEE Centre, kilichoanzishwa mwaka 2012 chini ya shirika la Computers for Schools Kenya, kiko Utawala, upande wa Embakasi. Kutoka Ruiru unashika barabara ya Eastern Bypass, unaipita harufu ya nyama ya Kamakis, na unaendelea hadi Utawala. Hapo mashine inafunguliwa kwa mikono: chuma kando, plastiki kando, shaba kando, na bodi na betri hupelekwa kwenye viwanda vyenye uwezo wa kutoa madini yake bila kumwaga sumu. Piga simu kwanza uulize wanapokea nini na kwa masharti gani. Uliza pia kwenye duka la kampuni yako ya simu, kwani baadhi ya kampuni hupokea simu na chaja zilizokufa.

Hatua ya saba: Unda kamati

Mtu mmoja hatasafiri hadi Utawala kwa ajili ya kibodi moja, na wala asifanye hivyo, maana mafuta ya safari yatazidi faida. Ndiyo maana tuna kamati, na kazi hiyo watu wa kwetu wanaijua bila kufundishwa.

Mwenyekiti awe mtu ambaye simu yake hupokelewa: mwalimu mkuu, katibu wa chama, mzee wa kanisa au mwenyekiti wa mtaa. Mwekahazina akusanye mchango mdogo wa kukodi pikapu. Mtunza daftari aandike kila kinacholetwa, nani amekileta, na kama diski imefutwa. Tafuteni chumba kikavu chenye kufuli. Betri zikae peke yake, zimefunikwa ncha. Televisheni za kichogo na skrini za zamani zisivunjwe, kwa kuwa nyingine zina taa nyembamba zenye zebaki. Chumba kikijaa, safari inafanyika mara moja, na risiti ya makabidhiano inasomwa kwenye mkutano.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu 490,000 mjini Ruiru na zaidi ya 250,000 mjini Thika. Duniani kote, mwaka 2022 ulitoa tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kenya pekee ilikadiriwa kutoa karibu tani 51,000 mwaka 2019. Kamati moja ya Ngoingwa au Membley haiwezi kuzibeba zote, na haifai kuachiwa peke yake.

Kwa hiyo kamati iwe na ajenda ya pili: kuwadai wanaohusika. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inamfanya mzalishaji awajibikie bidhaa yake hadi inapokuwa taka, na kanuni zilizochapishwa mwaka 2024 zinalieneza jukumu hilo kwa waagizaji pia. Kwa maneno mengine, aliyeingiza kompyuta nchini anapaswa kuchangia mazishi yake. Andikieni kaunti ya Kiambu barua iliyotiwa sahihi, mkiomba kituo cha kukusanyia Thika na kingine Ruiru, kinachogharimiwa na wazalishaji na waagizaji. Nakala ipelekeni NEMA na kwa mwakilishi wenu wa wadi. Daftari lenu la kilo zilizokusanywa ndilo ushahidi wenu.

Hatua ya nane: Kabla ya kumleta mwingine nyumbani

Matanga yakiisha, nyumba itahitaji kompyuta nyingine. Nunua iliyotumika na kukarabatiwa kabla ya kufikiria mpya, kwa maana deni lake la kuzaliwa lilishalipwa na mwingine. Chagua inayofunguka kwa skurubu, yenye RAM na diski zinazobadilishwa. Zikwepe zile ambazo kila kitu kimechomelewa kwenye bodi, maana kikifa kimoja vimekufa vyote. Feni yake isafishwe kila mwaka kabla haijaugua.

Umeme nao una wakati wake. Kati ya saa moja jioni na saa nne usiku kila nyumba huwasha taa, televisheni na pasi, na hapo ndipo mitambo ya mafuta huitwa kusaidia. Mmoja uko hapa hapa Thika, wa megawati 87, unaochoma mafuta mazito, na gharama ya mafuta hayo unailipa kwenye tokeni. Saa chache baadaye, usiku wa manane, sehemu ya mvuke wa Olkaria huachiliwa upotee hewani kwa kukosa mtumiaji. Kwa hiyo chaji laptopu na pawabenki unapokwenda kulala, na masasisho makubwa yapakue usiku huo. Mwenye saiba abadilishe zile kompyuta za mezani za wati 150 kwa laptopu zilizokarabatiwa za wati 30 pale za zamani zinapokufa. Mashine kumi kwa saa kumi zitashuka kutoka uniti 15 hadi 3 kwa siku.

Na lile wingu la data? Lipo ardhini, kwenye majengo yenye mitambo. Vituo vya data duniani vilitumia karibu saa-terawati 415 mwaka 2024, takriban asilimia 1.5 ya umeme wote, na Shirika la Kimataifa la Nishati linakadiria kiasi hicho kitazidi mara mbili kufikia 2030, akili unde ikiwa sababu kubwa. Mwezi Mei 2024 Microsoft na G42 zilitangaza mpango wa kujenga kituo cha data kitakachotumia mvuke wa Olkaria, kwa dola bilioni 1. Tuufuatilie mpango huo kwa makini, pamoja na maji na ardhi utakayohitaji. Nyumbani, zima upakuaji wa moja kwa moja wa video za WhatsApp, na usitazame video ya ubora wa juu kabisa kwenye skrini ndogo. Lakini usikeshe ukifuta barua pepe ukidhani umeokoa dunia. Mwaka mmoja zaidi wa kuitumia laptopu uliyonayo unashinda barua pepe zote hizo.

Mwisho, siku ya kununua, kabla ya kutoa M-Pesa, muulize muuzaji maswali matatu. Nani huitengeneza hapa Thika au Ruiru? Vipuri vyake vinapatikana? Ikifa, utaipokea uipeleke wapi? Akijibu la tatu, mwambie aandike jibu hilo nyuma ya risiti na kupiga muhuri. Asipojibu, nenda duka la pili ukaulize tena, na umweleze muuzaji huyo ni kwa nini umetoka duka la kwanza.